Msiwapange Watoto Mstari kwa Ajili ya Wageni

Ndugu zangu wa Buyenzi, Kamenge, Kinama na Musaga, jijini Bujumbura,

Kila likizo ya Ulaya ikifika, picha ni zile zile: wageni wameshuka ndege, watoto wamepangwa uani tangu asubuhi, kila mmoja anangoja jina lake liitwe akamkumbatie anayemlipia masomo. Mnatutumia kwa furaha, nasi huku Brussels tunazipokea kwa uchungu. Wanakotoka wageni hao, shule haichapishi picha ya mtoto anayetambulika mpaka mzazi atie sahihi, na sheria ya Ulaya ya kulinda data, inayotumika tangu Mei 2018, inataka watoto walindwe kwa namna ya pekee. Burundi nayo iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 16 kinalinda faragha ya mtoto. Sasa yawaje jina la mtoto wa Kamenge, shule yake na habari za kifo cha baba yake vibandikwe kwenye ukumbi wa kanisa la mbali? Msiniambie mama alikubali. Mama anayejua kwamba akikataa mtoto atakosa daftari hajaulizwa kitu.

Ufadhili wenyewe siupingi. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2005, Rais Nkurunziza alipoingia madarakani, madarasa yakafurika. Lakini sare, daftari na michango vilibaki shingoni mwa mzazi. Mwaka 2013 mchumi Bruce Wydick na wenzake wawili walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 10,000 katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo, wakaonyesha kwamba waliofadhiliwa utotoni kupitia shirika la Compassion International walisoma kwa wastani mwaka mmoja hadi karibu mwaka na nusu zaidi. Hiyo ni faida kubwa, na ni ukatili kuidharau. Ila kilichopimwa ni mpango mzima, si ziara ya mgeni, na watoto wengi wanaofadhiliwa hawamwoni mfadhili wao kamwe. Ziara inamfundisha mtoto jambo jingine: kwamba elimu yake ni hisani ya mtu mmoja, nayo yaweza kuondoka na mtu huyo. Mwenzake wa dawati moja, ambaye picha yake haikuchaguliwa, anajifunza vibaya zaidi. Na baba mzazi anasimama pembeni ya ua wake mwenyewe kama mpita njia, mtoto akihimizwa kumwita mgeni baba.

Ninayowaomba ni matatu, nanyi mnayaweza bila kusubiri wizara. Fedha ya ufadhili iende kwa shule, si kwa mtoto mmoja mmoja. Kiasi kilichoingia na kilichonunuliwa kibandikwe ukutani kila muhula, kwa Kirundi, mahali ambapo kila mzazi anapita. Na mgeni akija akutane na walimu na kamati ya wazazi, watoto wakiwa darasani wanasoma. Nguvu ya ukuta si ndoto. Uganda, kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilikuwa zinapata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengwa kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Serikali ilipoanza kutangaza magazetini fedha zilizotumwa, na shule kutakiwa kubandika tangazo la kilichofika, kiwango hicho kilipanda hadi zaidi ya asilimia 80 mwaka 2001. Wachumi bado wanabishana sehemu ipi ya mafanikio hayo ililetwa na matangazo peke yake. Wabishane, mzazi aliyesoma hesabu ukutani haibiwi kirahisi.

Wapo watakaosema mgeni asipomwona mtoto, fedha italiwa. Lakini kumwona mtoto mara moja kwa miaka kadhaa si ukaguzi. Mwaka 1998 gazeti la Chicago Tribune lilifichua kwamba msichana mmoja wa Mali aliendelea kufadhiliwa ilhali alikuwa amekwisha kufa. Majirani hujua mambo kama hayo, wakiulizwa. Wengine watasema wafadhili watatukimbia. Baadhi yao watakimbia, ndiyo, na pengo hilo ni letu kuliziba, sisi tulioondoka katika machafuko ya 1972, 1993 na 2015, tukawaachia nyinyi foleni za mafuta na madarasa yaliyojaa. Nasi pia twatuma hela kwa mpwa mmoja, kisha twadai picha yake akiwa na sare mpya. Mkisema hatuna haki ya kuwakaripia, sitabisha. Lakini watoto hao ni wetu sote, na kukaa mbali hakujatuondolea mapenzi wala deni.

Basi kabla ya Septemba, kamati ya wazazi ya kila ekofo, yaani shule ya msingi, inayopokea ufadhili iandike barua yenye masharti hayo na kuitia sahihi pamoja na direkta wa shule. Tuleteeni nakala. Sisi wa Brussels, Liège na Montréal tutazipeleka wenyewe kwenye ofisi za mashirika ya ufadhili, na hatutatoka bila jibu la maandishi.