TAARIFA YA TAWI: VYOO VYA WATOTO HAVINA CHAMA

Ndugu wanachama,

Kuna maneno yanazungushwa kwamba kamati ya pamoja ya wazazi, msikiti na kanisa inayodai vyoo katika shule yetu ya msingi ni "mradi wa wapinzani", tusiiguse. Nauliza: aliyeanzisha maneno hayo amefika shuleni?

Mimi nimefika, nimehesabu. Wasichana 412, matundu 6. Mwongozo wa Serikali ni tundu 1 kwa wasichana 20. Yanatakiwa 21. Pungufu ni 15.

Msiniambie elimu ni bure, fedha zitakuja zenyewe. Ruzuku ya shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo vitabu vimo. Haijengi choo. Choo kinatoka kwenye bajeti ya halmashauri, na asiyedai hawekwi kwenye bajeti.

Binti akiwa kwenye hedhi anabaki nyumbani. Huyo ni mtoto wetu, siyo wa wapinzani.

Mkutano wa mtaa ni Jumamosi, saa 3 asubuhi. Tufike wote. Sare tuziache nyumbani.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi