Tiyatre ya watoto: mutoto gani anabaki nyuma?



Siku hizi, hapa Mulungwishi na kule Likasi, mazungumzo juu ya vijana yanaisha na neno moja: dijitali. Wanatuambia tiyatre ya kesho itakuwa mu telefone, na telefone itafikia kila mutoto. Sisi walimu tunauliza: mutoto gani?

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwaka mumoja, katika shule moja, tulitayarisha muchezo wa sikukuu ya kufunga masomo. Kulikuwa mwanafunzi kiziwi ambaye kwa mikono na uso aliigiza kupita wote. Mumoja wetu akasema: «Huyu hasikiaka, atafanya nini pale?» Tukamupa kazi ya kupanga viti. Siku ya muchezo alisimama nyuma, akaona watu wanacheka bila kujua wanacheka nini. Kijana akapiga video yote na telefone, ikazunguka mutaa muzima. Hata mule ndani yule mutoto hakuonekana, wala hakuna neno lililoandikwa chini ya picha ili naye asome. Basi dijitali ilifanya nini? Ilimufukuza mara ya pili.

Wengine wanasema ni desturi ya wazee. Si kweli. Jioni, kando ya moto, hadithi za Kalulu hazikuwa na jukwaa. Mwenye kusimulia alianza, wengine wakaitika wimbo. Kipofu na mwenye kilema cha miguu waliweza kuitika sawasawa na wengine. Hatusemi wazee walikuwa malaika: ziko hadithi zilizocheka vilema, na hizo tuziache. Lakini duara lilikuwa na mafasi. Ni sisi watu wa shule tulioshikilia jukwaa, pazia na Kifransa cha kukariri. Asiyeweza kukariri akabaki inje.

Mufwankolo na wenzake wa Lubumbashi walituonyesha njia ingine. Walicheza mu Kiswahili chetu, cha soko na cha nyumbani. Redio na televizyo zikawabeba mbali. Mwaka wa 1986, walipotayarisha «Le pouvoir se mange entier», hawakukariri kitabu. Walizungumza, kila mumoja akaleta neno lake, muchezo ukazaliwa. Njia ile inamufaa mutoto asiyesoma haraka, asiyeona, asiyesema kwa kinywa. Watu walitangulia, mashine ikafuata.

Sheria iko. Mwaka wa 2015 inchi yetu ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 Mei 2022 tukapata sheria yetu wenyewe ya kuwalinda. Karatasi zimetosha. Tena, sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, ile ya betri za telefone, inatoka Congo. Machimbo ya Fungurume ni jirani zetu. Udongo wetu uko mu telefone za ulimwengu, lakini mutoto wetu hajioni ndani yake!

Mutu atasema: «Makuta iko wapi?» Tunajibu: kazi hii haiombi makuta mingi. Telefone moja inatosha kuanza. Kuandika maneno chini ya picha, wanafunzi wakubwa wanaweza kujifunza. Sauti ya kumueleza kipofu kinachoonekana, rafiki yake anaweza kuirekodi. Video inapita toka telefone hadi telefone kwa bluetooth ao kwa kadi ya memori, bila kununua mega. Na ishara za kiziwi, darasa lote lijifunze kwake. Siku ile yeye ndiye mwalimu, na sisi tukae kwenye mabanchi.

Wakubwa wa shule, wazazi, tunawaomba jambo moja. Mwaka ujao, mbele ya kuuliza nani atapiga video, muulize kwanza nani ametumwa kupanga viti. Mumuite, muchezo uanze naye.