Amani ya Kivu yawahitaji wasomi wasiovutia kwao

KATI ya 1964 na 2004, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliweka tarehe nne tofauti za kuamua ni nani raia na ni nani mgeni. Katiba ya 1964 ilimtaka mtu awe na babu aliyetoka katika kabila lililokuwa nchini kabla ya Oktoba 18, 1908. Sheria ya 1972 ikawapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya Januari 1, 1950. Sheria ya 1981 ikawapokonya uraia huo kwa kukirudisha kipimo nyuma hadi 1885, mwaka uliokamilika mkutano wa Berlin. Ile ya 2004 ikachagua siku ya uhuru, Juni 30, 1960.

Maana ya tarehe hizo ni kwamba mkulima wa Masisi, ambaye wazazi wake waliletwa na Wabelgiji kutoka Rwanda baada ya 1937 kufanya kazi mashambani, aliweza kuwa mgeni, kisha raia, kisha mgeni tena, na hatimaye raia, bila ya kuhama hata hatua moja kutoka shambani kwake.

Jambo hili halipaswi kusahaulika tunapoutafakari mgogoro wa mashariki mwa Kongo. Mnamo Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na mwezi uliofuata wakauteka Bukavu. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema Rwanda inawasaidia waasi hao, dai ambalo Kigali imelikanusha. Ni kweli pia kwamba dhahabu na koltani zina nafasi kubwa katika vita hivi.

Hata hivyo, madini pekee hayaelezi kwa nini waasi wa 1996, wa 1998, wa CNDP na wa M23 wote wamesimama kwa zamu na kutoa hoja ile ile, kwamba wanawalinda Watutsi wa Kongo wanaonyimwa uraia. Wenye tamaa ya madini wameitumia hoja hiyo, lakini hawakuibuni. Ilizaliwa bungeni na kukuzwa na sheria.

Swali linalostahili kuulizwa, basi, ni hili: wasomi wa eneo la Maziwa Makuu wamefanya nini kuhusu suala hili ambalo kimsingi ni la sheria na historia, nyanja mbili wanazodai kuzimudu?

Rekodi yao haifurahishi. Ferdinand Nahimana, mwanahistoria aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda, alikuwa miongoni mwa waasisi wa redio RTLM iliyochochea mauaji ya halaiki ya 1994. Mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha ilimhukumu mwaka wa 2003. Léon Mugesera, aliyefundisha katika chuo hicho hicho, alitoa hotuba ya chuki mnamo Novemba 1992 na baada ya miaka mingi akafungwa maisha. Elimu yao haikuwazuia kuueneza uchochezi. Iliupa heshima ambao haukuistahili.

Si haki kumtia Profesa Ernest Wamba dia Wamba katika kapu hilo. Mwanahistoria huyo Mkongo, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, alikuwa mtetezi wa demokrasia na mazungumzo. Lakini alipokubali kuliongoza kundi la waasi la RCD mwaka wa 1998, hakukaa hata mwaka mmoja kabla ya kung'olewa. Wenye bunduki walihitaji jina lake. Fikra zake hawakuwa na haja nazo.

Njia ya tatu ilionyeshwa na Profesa Mahmood Mamdani wa Uganda, aliyefukuzwa nchini mwake mwaka wa 1972 pamoja na Waasia wengine. Mnamo 1997, Baraza la Utafiti wa Sayansi za Jamii barani Afrika, CODESRIA, lilimtuma Kivu. Alichokibainisha ni kwamba ukoloni uliacha nyuma uraia wa aina mbili. Upo ule wa kitaifa, unaompa mtu kura na pasipoti, na upo wa kikabila, unaompa ardhi kupitia chifu wa kabila lake. Asiye na chifu anayetambuliwa hana ardhi, hata akiwa na kitambulisho. Hivyo basi kubadilisha sheria ya uraia pekee, bila ya kugusa mamlaka ya kimila juu ya ardhi, ni kutibu kidonda kwa juu tu.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wapo wanaoandika vitabu kuthibitisha kwamba Wanyamulenge walifika nyanda za juu za Itombwe kabla ya ukoloni, na wapo wanaoandika kuthibitisha kwamba walifika jana. Mjadala huo ni halali kwa mwanahistoria. Kosa ni kuufanya mizani ya haki, kana kwamba mtoto aliyezaliwa Uvira leo anapaswa kujibu mahali alipochungia ng'ombe babu wa babu yake.

Wapo watakaosema kwamba msomi hana jeshi, na kwamba karatasi hazizuii risasi. Lakini hapa Kenya, Wamakonde waliokuja kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi Pwani bila vitambulisho kwa miongo mingi. Sheria ya uraia ya 2011 iliwafungulia mlango, watetezi wa haki wakawasaidia kudai, na mnamo Oktoba 2016 wakatembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi. Serikali ikasalimu amri bila risasi kufyatuliwa. Hata hivyo, walitambuliwa kama kabila la 43, ishara kwamba nasi bado tunaupitishia uraia katika mlango wa kabila.

Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na suala hili sasa ni letu sote. Mkataba kati ya Kongo na Rwanda uliotiwa saini Washington mnamo Juni 2025 ulihusu zaidi majeshi na uchumi. Kazi ya kuandika sheria ya uraia isiyouliza kabila, na sheria ya ardhi isiyomtegemea chifu, haitafanywa na majenerali. Vyuo vikuu vya Kinshasa, Kigali, Makerere, Dar es Salaam na Nairobi vina wanasheria na wanahistoria wa kuifanya. Ila kila mmoja wao atalazimika kwanza kuwaambia watu wa kwao lile wasilotaka kulisikia, na huo ndio mtihani ambao wengi wameukwepa.