MAHUDHURIO KATIKA VYUO VYA UFUNDI

Hapana mtu aliyepata kuwa seremala kwa kusoma daftari la mwenzake. Mwanafunzi wa historia akikosa darasa siku tatu aweza kuazima maandishi ya jirani, akayanakili usiku, na asubuhi akawa sawa na wenziwe. Bali aliyekosa siku tatu za karakana ameikosa randa, ameikosa tupa, na ameukosa mkono wa mkufunzi uliokuwa umshike wake na kumwonyesha ubao unavyotaka kukatwa. Mkono hauazimwi.

Kwa sababu hiyo twaziunga mkono, pasipo kumung'unya maneno, kanuni za vyuo vya ufundi stadi zinazodai mwanafunzi atimize mahudhurio kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani. Wako wanaozilalamikia wakisema kwamba vijana wa vyuo si watoto wa kuitwa majina kila asubuhi. Tuwajibu kwa hesabu. Kijana anayekosa kila Jumatatu tu, katika wiki 40 za masomo amekosa siku 40, yaani wiki nane nzima. Yumkini katika wiki hizo ndimo lilimokuwa somo la waya wa ethi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliopotea njia. Atapata cheti, atapewa nyumba ya mtu aitie umeme, na siku moja mtoto wa nyumba hiyo atagusa pasi yenye hitilafu. Utoro wa fundi hulipwa na mtu asiyemjua.

Mwalimu Nyerere alipata kukumbusha kwamba tulipojitawala mwaka 1961 nchi hii ilikuwa na wahandisi wawili tu. Tangu sheria ya mwaka 1994 iliyoanzisha VETA, waajiri hutozwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayokadiriwa kwa mishahara wanayolipa. Mwaka 2023 ilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5. Ndugu zetu wafanyakazi na waelewe kwamba fedha hiyo, ijapokuwa hulipwa na mwajiri, chimbuko lake ni jasho lao. Kijana anayeshinda kijiweni huku kiti chake chuoni ki tupu anachezea mali ya umma, na pia amemnyima nafasi kijana mwingine aliyeachwa nje.

Hayo tumeyasema kwa ukali, na hatuyaondoi. Lakini daftari la mahudhurio lina herufi moja tu ya kuandika asiyekuwapo, na wasiokuwapo si wa namna moja. Mmoja amelala. Mwingine ana homa ya malaria. Wa tatu amerudishwa nyumbani na chuo chenyewe akatafute ada, kisha siku alizokuwa akiitafuta zimehesabiwa kuwa utoro! Jambo hili twaliona kuwa dhuluma, na hatujui jina jingine la kulipa. Haiwezekani mkono mmoja umtoe mtu mlangoni na mkono wa pili umwadhibu kwa kutokuwa ndani. Chuo kikimrudisha mwanafunzi kwa ajili ya ada, siku hizo zisihesabiwe juu yake, na apangiwe saa za karakana za kufidia, jioni au Jumamosi. Bora zaidi asirudishwe kabisa, mzazi aandikiwe barua na kupewa muda wa kulipa kidogo kidogo.

Na si ada peke yake. Ada ya kutwa katika vyuo vya Serikali si kubwa. Kinachowashinda wengi ni nauli ya kila siku, nguo za kazi na vifaa. Kijana anayebeba zege Alhamisi ili apate nauli ya wiki ijayo si mvivu. Huyu aitwe aulizwe, kabla jina lake halijakatwa.

Wakufunzi nao wana daftari lao, au yafaa wawe nalo. Karakana isiyo na mkufunzi, wala nondo wala umeme, haina haki ya kumhesabu mwanafunzi kuwa amehudhuria, maana amekaa tu.

Tumalizie kwetu sisi wafanyakazi. Kijana huletwa kiwandani kwa mazoezi, nasi tunamtuma chai, tunampa ufagio, na mwisho wa juma tunamtilia sahihi daftari lake kwamba amejifunza kuchomelea. Sahihi ya namna hiyo ni utoro ulioandikwa kwa wino wetu. Matawi ya chama cha wafanyakazi katika viwanda na magereji yaliweke neno hili katika ajenda ya mkutano ujao, na kila tawi litaje kwa jina fundi atakayemshika mkono mwanafunzi aliyeletwa kwao.