Upepo Nao Hunywa Petroli

Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hutangaza bei mpya za mafuta, nasi wa Pwani hungoja kujua nauli itapanda kwa shilingi ngapi. Bei hatuipangi sisi. Lakini kiasi cha mafuta ambacho gari hunywa, hapo tuna usemi.

Gari likienda kasi husukuma hewa, kama dau linavyopasua maji. Umbo linaloteremka taratibu nyuma, kama la Toyota Prius, huiacha hewa ipite kwa utulivu. Matatu yenye umbo la sanduku huikokota. Tena kasi ikitoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani wa hewa hupanda kwa takriban asilimia 56.

Mjini kwenye msongamano, umbo halisaidii sana. Hasara iko barabara ya Malindi: keria tupu juu ya paa na mguu mzito. Kikomo cha matatu ni kilomita 80, na keria hufunguliwa kwa spana. Naonelea kabla ya kumwongezea abiria nauli, vyama vya matatu vianzie hapo.