Gesi Haijaisha, Friji Imekosa Pumzi



Kaskazi imeingia, na wimbo ni ule ule wa kila mwaka: "Friji yangu haigandishi, fundi kasema gesi imekwisha." Wiki iliyopita nimeusikia mara tatu kwa siku moja, dikoni, dukani na barazani. Leo sitasema kwa upole. Wengi wenu mnalipia gesi ambayo haijaisha, na baadhi ya mafundi wanaowatoza wanalijua hilo.

Gesi ya friji si kama gesi ya kupikia. Ya kupikia inaungua, mtungi unabaki mtupu. Ya friji inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inachukua joto ndani na kulitupa nje, kisha inarudi tena. Friji nzima inaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi bila kuongezwa gesi hata kidogo. Ikipungua, maana yake pana tundu. Fundi anayejaza gesi kila kaskazi bila kutafuta tundu na kuliziba anatia maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ndoo ni yako, na pesa ni zako.

Shikeni neno moja: friji haitengenezi baridi, inatoa joto. Gusa ubavu wake, au ule wavu mweusi wa mgongoni, utaona ni moto. Hilo ni joto la samaki wako na maji yako, linatafuta pa kwenda. Tukilizibia njia, mota itanguruma usiku na mchana na kitu hakigandi.

Na tunalizibia kweli. Nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza samaki na malai. Friza yake imebanwa pembeni, mgongo umegusa ukuta, na ukuta wenyewe unapigwa na jua la alasiri. Juu ni bati, dari hakuna. Friza imevikwa kitambaa cha kutarizi mpaka chini kama bibi harusi, na juu yake masufuria. Ameshalipia gesi mara mbili. Tukaivua nguo, tukafagia vumbi la mgongoni, tukaihamishia ukuta wa ndani usiopata jua. Asubuhi ya pili malai zikawa mawe. Gesi ni ile ile.

Mtaniambia: "Bwana Samaki, nyumba zetu ndogo, nafasi tutaitoa wapi?" Nafasi ninayoitaka ni upana wa kiganja, kama sentimita 10 nyuma na ubavuni. Nyumba inayopata nafasi ya kabati la vyombo vya wageni haikosi kiganja.

Kosa la pili ni kuingiza joto wenyewe. Samaki ameshinda juani tangu asubuhi, kilo 20 zinamwagwa ndani kwa mara moja, pembeni yake sufuria la mchuzi uliotoka jikoni sasa hivi. Friza ya nyumbani kazi yake ni kutunza kilichokwisha poa. Samaki apozwe kwa barafu tangu chomboni, kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, ndipo aingie friza, kidogo kidogo.

Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, maana si pesa tu. Jodari, vibua na nguru wakikaa kwenye joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama sumu iitwayo histamini. Anayeila huwashwa mdomo, uso humwiva, kichwa kikamgonga. Sumu hiyo haitoki kwa kukaanga, wala haitoki kwa kugandisha. Anayemtia friza samaki aliyekwisha haribika, kesho akamuuzia jirani, anamgandishia maradhi. Friza haifufui.

Kosa la tatu ni kisu. Barafu ikishaota kutani unene wa kidole, inazuia joto lisifike kwenye mabomba, na friza inazidi kushindwa. Badala ya kuizima ikayeyuka yenyewe, mtu anachukua kisu na kuikwangua. Bomba linatoboka, gesi inatoka kwa sauti ya kupuliza. Hapo ndipo gesi huisha kweli, na aliyeimaliza ni wewe. Zima, fungua mlango, weka beseni la maji ya moto ndani, subiri.

Wengine watasema ninausahau umeme. Siusahau. Tunaukumbuka sote ule waya wa chini ya bahari ulipotuangusha, Unguja ikakaa gizani tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kaskazi nzima. Lakini kukatika kwa saa tatu si msiba ule. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia baridi hadi siku mbili. Ya nusu, siku moja. Friji ya kawaida, saa nne hivi. Kwa joto letu usitegemee mwisho kabisa wa muda huo. Sisi tunafungua kila baada ya robo saa "kuangalia kama vimeyeyuka". Vitayeyukaje visiyeyuke? Penye nafasi tupu jaza chupa za maji yaliyoganda. Umeme ukirudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha, na ukiwa mdogo taa zikififia, chomoa.

Kabla hujamwita fundi, fanya haya:

1. Ivute kutoka ukutani, ivue kitambaa, safisha mgongo.
2. Bana karatasi kwenye mlango. Ikichomoka bila kushikwa, mpira umechoka. Osha kwa maji ya sabuni. Ikishindikana, badilisha mpira.
3. Yeyusha barafu ya kutani.
4. Iache siku nzima bila kuingiza kitu cha moto.
5. Itazame usiku. Ikiganda usiku na kushindwa mchana, mara nyingi shida ni joto la pale ilipo.

Simaanishi mafundi wote ni wezi. Wako waaminifu, na mabomba huoza kweli kwa chumvi ya bahari yetu. Na sisi maafisa tuna lawama yetu: tunafundisha barafu dikoni, hatuingii kuona friza inakaa wapi.

Basi fundi akisema gesi imekwisha, muulize swali moja: "Tundu liko wapi?" Fundi wa kweli atapaka povu la sabuni kwenye maungio akuonyeshe linapobubujika. Asipokuonyesha, mpe maji baridi, mshukuru, aende zake.