Skyr ya matunda: tusome nyuma ya kikopo

Leo tuna neno kuhusu skyr, ule mtindi mzito wenye asili ya Iceland ambao ndugu zetu walioko Uingereza wanausifu kila siku. Tulipokwenda kuwatembelea tuliuonja, wa stroberi. Ni mtamu, hatukatai. Kijiko kinasimama wima, na uchachu wake ni wa mtindi hasa. Lakini ukishameza, kinachobaki ulimini ni sukari.

Tuwape wenyewe haki yao. Watu wa Iceland wanatengeneza skyr kwa karne nyingi. Maziwa yanaenguliwa mafuta, yanagandishwa, kisha yanachujwa maji. Kilo moja inaweza kula lita 3 hadi 4 za maziwa, ndiyo maana ina protini nyingi, kama gramu 10 au 11 katika kila gramu 100. Ukila wakati wa daku, unashiba ukashibika.

Shida ni kwamba protini inaandikwa mbele kwa herufi kubwa, na sukari nyuma kwa herufi ndogo. Skyr isiyotiwa kitu ina karibu gramu 4 za sukari ya maziwa yenyewe katika gramu 100. Ukiona kikopo cha matunda kimeandikwa 9, jua zile 5 zimetoka kwenye matunda na sukari ya kuongezwa. Kwa kikopo cha gramu 150, hiyo ni karibu vijiko viwili vya chai. Halafu tunampelekea mama mwenye kisukari, tukimwambia ni chakula cha afya!

La pili ni halali. Kigandisho cha asili cha skyr hutoka tumboni mwa ndama, na baadhi ya mtindi wa matunda hutiwa jelatini, ambayo yaweza kuwa ya nguruwe. Picha ya stroberi haikujibu hilo. Tafuteni alama ya halali, au ile ya wasiokula nyama.

Rai yetu: nunueni isiyotiwa kitu, mkatie embe au mtie pasheni wenyewe. Na sisi wa Unguja na Pemba tusingoje begi la mgeni. Chukua mtindi wako, ufunge kwenye kitambaa cha melimeli, uuweke juu ya chujio ndani ya friji usiku kucha. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani, kwa hiyo kichemshe kwanza. Hautakuwa skyr yenyewe, lakini utakuwa mzito na utaujua ulichotiwa. Yale maji usiyamwage: watu wa Iceland walihifadhia nyama, wewe kandia unga wa mkate.

Wanaokula kwa mikono yetu ni amana. Sukari wanayokula, tuwe tumeipima sisi.